Unga upi kwa mkanda wa zamani? Majaribio ya jikoni Etterbeek

ETTERBEEK, Brussels – Wasomaji wetu wa siku nyingi wamezoea kukuta hapa habari za uchaguzi, za wakimbizi na za bei ya mafuta. Leo tunawaomba ruhusa tuandike juu ya jambo dogo: unga wa kusafishia filamu za picha nyeusi na nyeupe, ule unaouzwa katika pakiti na kukorogwa na maji nyumbani. Tumekoroga aina nne katika jiko letu, mtaa wa tatu kutoka Place Jourdan, na tunataka kueleza tuliuchagua upi na kwa nini. Rafiki yetu mmoja tulimwambia kwa simu kwamba tumepokea unga mweupe kutoka Ujerumani. Alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama laini ni salama.

Hatukuanza kazi hii kwa starehe. Tulipotoka Bujumbura mwaka 2015 tulibeba mikanda sita ya filamu ndani ya soksi, mitano imeshapigwa na mmoja mpya. Yote ilikuwa Ilford HP5 Plus, tuliyonunua pamoja mwaka mmoja kabla. Watu hutuuliza mwandishi wa habari wa mwaka 2015 alikuwa anatafuta nini na kamera ya filamu. Jibu ni kwamba maandamano yalipoanza tarehe 26 Aprili, kamera ya dijitali iligeuka hatari kwa mwenye nayo na zaidi kwa aliyepigwa picha. Mwenye bunduki kwenye kizuizi alijua kubonyeza kitufe na kutazama nani yumo. Kamera tuliyoachiwa na marehemu baba haina kioo cha kutazama. Mara mbili waliishika, wakaicheka, wakaturudishia. Wangeweza kuifungua na kuuharibu mkanda kwa mwanga wa jua, lakini nyuso za watu wasingezipata.

Tarehe 13 na 14 Mei, baada ya kutangazwa jaribio la kuipindua serikali, redio za binafsi za Bujumbura zilishambuliwa: RPA, Bonesha FM, Isanganiro, Radio-Télé Renaissance. Makumi ya waandishi wakakimbia. Sisi tulikuwa miongoni mwao, kwanza Kigali, halafu huku.

Mkanda mmoja tayari umepotea, na tunaeleza ulivyopotea ili usimtokee mwingine. Mwaka 2017 tuliupeleka katika duka moja la picha mjini hapa. Waliuingiza kwenye mashine ya filamu za rangi. Ulirudi umeng'aa, hauna kitu, kama karatasi ya nailoni. Katika filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, picha yenyewe ni madini ya fedha. Mashine ya rangi huyeyusha fedha yote na kuacha rangi peke yake, na kama filamu haina rangi ndani yake, hakibaki chochote. Zipo filamu chache za nyeusi na nyeupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo, kama XP2 Super ya Ilford hiyo hiyo, na pengine jina la Ilford ndilo lililomchanganya kijana wa dukani. Tangu siku hiyo mikanda minne iliyobaki hatukumpa mtu. Isitoshe, ndani yake mna nyuso za watu ambao bado wanaishi nyumbani, na hatukutaka zipitie katika kompyuta ya mtu tusiyemjua.

Basi ikakaa. Miaka miwili ya kwanza ilikaa katika droo iliyo juu ya kipasha joto cha ukutani, ujinga ambao hadi leo tunajilaumu kwa ajili yake, kwa sababu joto huizeesha filamu upesi. Baadaye tukaihamishia kwenye friji.

Mwezi Oktoba 2024 ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kigoma. Alikuwa mama mmoja tuliyekuwa tukikaa naye uchochoro mmoja kule Buyenzi. "Mwanangu," alisema, "nasikia ulimpiga picha kijana wangu zile siku. Mimi sina hata moja. Simu aliondoka nayo." Kijana wake hajaonekana tangu Desemba 2015. Tulimjibu kwamba ni kweli tulimpiga, tunakumbuka, ila hatujui yumo katika mkanda upi kati ya ile minne, kwani maandishi tuliyoandika kwa kalamu juu ya makopo yalifutika kwa jasho njiani. Akasema atasubiri.

Mkanda husafishwa mara moja tu. Ukikosea dawa, joto la maji au dakika, hakuna kurudia. Kwa hiyo swali la unga upi ni bora, ambalo wapenzi wa kamera hulibishania kwa raha zao, kwetu lilikuwa na uzito wa namna nyingine.

Alichotufundisha mzee wa studio

Kazi hii tulijifunza utotoni Buyenzi, kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za vitambulisho. Yeye hakununua pakiti. Alikuwa na makopo ya zamani yenye jina la Gevaert, kampuni ya Mortsel, karibu na Antwerp, iliyoungana na Agfa mwaka 1964, na mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Alipima metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, akajaza maji hadi lita moja. Hatukujua wakati ule kwamba ile ndiyo D-76, kanuni ambayo Kodak waliitoa mwaka 1927 kwa ajili ya filamu za sinema, na ambayo dunia nzima imeiiga. Metoli na haidrokwinoni ndizo zinazoitoa picha, boraksi inazipa nguvu, na ile salfaiti nyingi huzuia dawa isiharibike kwa hewa na kulainisha chembe za picha.

Adui yake mkubwa mzee alikuwa joto. Maji ya bomba la Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ni ya uvuguvugu mwaka mzima, na dawa hizi zimepimwa kwa nyuzi 20. Alinunua barafu ya wauza samaki, akaitia katika mfuko wa plastiki ili isiizimue dawa, akauweka katika beseni la maji na chupa ya dawa ikakaa humo. Siku ambayo barafu ilikosekana alipunguza dakika, lakini akituonya kwamba chini ya dakika tano picha hutoka na mabaka. Huku Etterbeek mambo yamegeuka: mwezi Januari maji ya bomba yanauma vidole, na beseni tunalijaza maji ya moto.

Maji ya Brussels yana shida nyingine, chokaa. Mwenye birika la chai mjini hapa anaelewa. Pakiti za kiwandani zina kitu cha kuizuia chokaa, lakini sisi kwa dawa na kwa suuza ya mwisho tulitumia maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi katika kila supamaketi. Ni rahisi, na yanaepusha matone meupe juu ya picha.

Ikumbukwe pia kwamba pakiti hukorogwa yote kwa pamoja. Wapo wanaochota kijiko leo na kijiko kesho ili kubana matumizi. Chembe nzito hushuka chini ya pakiti na nyepesi hubaki juu, kwa hiyo kijiko cha leo si sawa na cha kesho. Mzee aliweza kufanya kidogo kidogo kwa sababu alipima kila kitu peke yake.

Mama watoto alisoma maandishi ya pakiti ya kwanza akauliza: "Haidrokwinoni? Si ndiyo ile ya mkorogo?" Ndiyo yenyewe, ile ambayo Umoja wa Ulaya, Kenya, Tanzania na Rwanda wameipiga marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi. Akatuondolea sufuria zake zote jikoni, na alifanya vema. Tunatumia glavu, dirisha wazi, na vyombo ambavyo havitarudi tena kwenye chakula. Metoli nayo huwatoa baadhi ya watu vipele mikononi.

Pakiti nne, mkanda mmoja

Ule mkanda mpya usiopigwa ndio uliotuokoa. Ulikuwa na umri ule ule, ulipita joto lile lile na mashine zile zile za uwanja wa ndege. Tukauweka katika kamera, tukapiga kutoka barazani kwetu picha ile ile mara nyingi, tramu namba 81 ikipita: moja kwa mwanga sahihi, moja kwa nusu yake, moja kwa robo, halafu tunaacha nafasi tupu, na kuanza upya. Ndani ya mfuko mweusi wa kuingizia mikono tukaukata vipande vinne. Kila kipande kikaenda na unga wake, tangi lile lile, nyuzi 20, dawa nzima bila kuongezwa maji. Ile nafasi tupu ndiyo tuliyoitazama kwanza. Filamu ikizeeka huwa na ukungu, yaani kijivu kinachotanda hata mahali ambapo mwanga haukufika, na kijivu hicho kikizidi huimeza picha.

Microphen ya Ilford ilikuwa ya kwanza kuanguka. Ni dawa nzuri kwa mpiga picha za usiku na za harusi kwenye kumbi zenye giza, maana huiongezea filamu wepesi wa kuona. Lakini inachokiamsha katika picha inakiamsha pia katika ukungu. Kipande chetu kilitoka kijivu kama anga la hapa mwezi Novemba.

XT-3 ya Adox, inayotengenezwa Bad Saarow karibu na Berlin kwa kufuata kanuni ya XTOL ambayo Kodak waliitoa mwaka 1996, ilitupa picha nzuri kuliko zote. Chembe ndogo, na ndani ya vivuli vya mlango wa duka la mikate tuliweza kuhesabu vikapu. Haina metoli wala haidrokwinoni. Badala yake ina fenidoni ya aina fulani na jamii ya vitamini C. Hukorogwa kwa maji ya kawaida ya chumbani, haitoi vumbi, na inapatikana katika pakiti ya lita moja, tofauti na XTOL yenyewe ambayo ni lita tano. Mwenye watoto nyumbani na filamu mpya achukue hii, wala asitafute zaidi. Ukungu ulikuwa juu kidogo tu kuliko wa D-76.

Hata hivyo hatukuichagua. Dawa za jamii hii zinapokufa hazibadiliki rangi. Zinabaki safi kama maji, na unagundua kwamba zilikuwa zimekufa pale unapoutoa mkanda kwenye tangi ukiwa mtupu. Mkulima wa picha za mandhari akipoteza mkanda atarudi mlimani wiki ijayo. D-76 na ndugu zake wakianza kuharibika hugeuka rangi ya chai, na mtu mwenye macho anaonywa. Kipande cha kujaribu kingetuonyesha kama dawa ni nzima, tunajua, na tulikifanya kila mara. Lakini tulitaka pia dawa inayosema yenyewe.

Zikabaki D-76 ya Kodak na ID-11 ya Ilford, ambazo ni mapacha. Tulivitandaza vipande viwili juu ya meza yenye taa, tukamwita binti yetu aonyeshe kipi ni kipi, akashindwa, nasi tukashindwa. Tofauti iko katika kukoroga. D-76 ni pakiti moja na inataka maji ya nyuzi 50 hadi 55, la sivyo inabaki na punje punje chini. ID-11 ina pakiti mbili, A kwanza kisha B, na nyuzi 40 zinatosha. Tena, tangu Kodak walipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao Januari 2012, biashara ya dawa zao imepita mikono kadhaa, na kuna miezi pakiti za njano zilikosekana kabisa madukani. ID-11 hatujawahi kuikosa. Tukachukua ID-11.

Kiwanda kinaandika dakika 7 na nusu kwa HP5 na dawa nzima. Kwa mkanda wa miaka kumi tuliona katika vipande vya ziada kwamba dakika 9 zinatoa picha yenye nguvu bila ukungu kupanda sana. Wapo wanaoongeza bromidi ya potasiamu kuua ukungu. Tulijaribu, na kweli ukungu ulipungua, ila ile picha ya robo ya mwanga nayo ilipotea. Picha zetu nyingi zilipigwa jioni, au kwa haraka kutoka chini ya koti. Tuliona afadhali kijivu.

Jumamosi moja usiku, watoto wamelala, tukachukua kopo la kwanza bila kuchagua. Dakika 9, suuza, kisha fiksa, kisha maji kwa muda mrefu. Hapo kwenye maji ya mwisho watu wengi huwa na haraka, na ndipo picha hufia polepole, kwa sababu fiksa inayobaki huila. Mwaka ule ule wa 2015 tuliokimbia, katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, zilikutwa negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Idi Amin, zikiwa kwenye bahasha zao na maelezo yake, na mwaka 2019 baadhi yake zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Miongo minne kabatini na bado zinasomeka. Nasi tukipanda tramu namba 44 kutoka Montgomery hadi Tervuren, jumba la makumbusho lililoko huko lina hazina kubwa ya picha za Kongo na Ruanda-Urundi zilizopigwa na idara ya habari ya wakoloni. Kamera za serikali hupata makabati. Kwa hiyo tuliosha mkanda wetu dakika thelathini, na jirani wa chini akagonga dari kwa sababu ya bomba.

Kopo la kwanza lilikuwa na picha 31. Geti la redio lililoungua, karatasi zimetapakaa uani, viatu vya mtu. Ukungu ulikuwepo, lakini nyuma yake kila kitu kilionekana. Kijana hakuwemo.

Jumamosi iliyofuata kopo la pili. Tulipoutoa mkanda kwenye spuli tukaushika mbele ya taa ukiwa bado unadondosha maji, jambo ambalo mzee angetuchapa kwa ajili yake, tukampata katika picha ya 22. Ameegemea baiskeli mbele ya duka la mkaa, uso umegeukia pembeni kidogo, kama anaitwa na mtu. Picha haikukaza vizuri, na tulipoikuza katika skana chembe zilikuwa kubwa kama mtama. XT-3 ingempa chembe ndogo zaidi. Tulilifikiria hilo kwa dakika moja, tukaacha.

Hatutaichapisha hapa. Tuliituma Kigoma usiku ule ule. Alama mbili za buluu zilitokea mapema asubuhi, lakini jibu lilikuja saa saba mchana, la sauti, na sehemu kubwa yake ni kuku na watoto wa jirani. Mwishoni mama anasema: "Kumbe alikuwa amenyoa." Kisha anauliza kama katika ile mikanda mingine kuna picha ambayo anatazama mbele.

Mikanda miwili bado iko kwenye friji, nyuma ya sombe. ID-11 iliyokorogwa hukaa miezi sita katika chupa iliyojaa hadi juu; ikifika nusu, mwezi mmoja. Yetu iko nusu, na bado haijageuka rangi.